Fahali Wawili Katika Zizi Moja: Mipigo Mifupi ya Nuru na Mipangilio Shindani Katika Vipitishi Vikuu

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuulizana iwapo lugha yetu inaweza kubeba sayansi ya kina. Mara nyingi mjadala huo huishia kwenye orodha za maneno: neno hili la Kiingereza tuliite nani kwa Kiswahili? Makala haya yanafuata njia nyingine. Yanachukua tatizo moja la fizikia ambalo bado halijatatuliwa na kulieleza kwa Kiswahili kuanzia chanzo chake hadi pale watafiti walipofikia. Tatizo lenyewe ni hili: katika dutu fulani zenye shaba na oksijeni, elektroni hujipanga kwa namna mbili tofauti mahali pamoja. Je, mipangilio hiyo miwili ni maadui, ni majirani tu, au ni ndugu?

Tutaonyesha kwamba swali la aina hii haliwezi kujibiwa kwa kuvitazama vitu vikiwa vimetulia. Hujibiwa pale kimoja kinapoguswa ghafla na kingine kikaachwa kijibu. Mwanafunzi wa fasihi hatauona ugeni wa jambo hili, kwani hata katika tamthilia uhusiano wa wahusika haujulikani hadi mgogoro uzuke. Chombo ambacho wanafizikia hutumia kuzusha mgogoro huo ni mpigo wa nuru unaodumu kwa muda mfupi mno.

Upitishaji mkuu ni nini?

Kila waya wa kawaida huukinza umeme. Elektroni zinapopita hugongana na vizuizi ndani ya waya, na sehemu ya nishati hupotea kama joto. Hata shaba, ambayo ni kipitishi kizuri, haijasalimika na ukinzani huo. Mwaka 1911, mjini Leiden nchini Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aliipoza zebaki hadi karibu kelvini 4.2, yaani takriban nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri, akaona ukinzani wake ukitoweka ghafla. Haukupungua kidogo kidogo tu, ulitoweka. Hali hiyo ndiyo tutakayoiita upitishaji mkuu, na dutu yenye sifa hiyo tutaiita kipitishi kikuu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tusiseme "kipitishi kamili". Jibu lilipatikana mwaka 1933, Walther Meissner na Robert Ochsenfeld walipogundua kwamba dutu hizi hazikosi ukinzani tu, bali pia huufukuza uga wa sumaku kutoka ndani yake. Kipitishi kisicho na ukinzani wowote hakilazimiki kufanya hivyo. Kwa hivyo tuna hali mpya ya dutu, wala si hali ya kawaida iliyoboreshwa.

Maelezo ya nadharia yalichelewa hadi mwaka 1957. John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer walionyesha kuwa elektroni, ambazo kwa kawaida husukumana kwa kuwa zina chaji ya aina moja, zinaweza kushikana jozi jozi kwa msaada wa mitikisiko ya atomu za fuwele. Jozi hizo zote hufuata mwendo mmoja, mithili ya kundi la wachezaji ngoma wanaofuata mdundo mmoja. Kizuizi kidogo hakiwezi kumtoa mchezaji mmoja katika mdundo bila kuwatoa wote, na kwa sababu hiyo mkondo wa umeme hupita bila kupoteza nishati.

Oksidi za shaba na mpangilio wa pili

Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, waliokuwa katika maabara ya IBM karibu na Zurich nchini Uswisi, waligundua upitishaji mkuu katika oksidi ya lanthanamu, bariamu na shaba kwenye kiwango cha joto cha karibu kelvini 30. Uvumbuzi huo ulistaajabisha kwa sababu mbili. Kwanza, kiwango hicho kilikuwa cha juu kuliko vyote vilivyojulikana. Pili, dutu yenyewe si metali ya kawaida bali ni ya jamii ya kauri, ndugu wa vikombe na vigae, ambavyo hatuvitarajii kupitisha umeme. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka uliofuata. Mwaka 1987 makundi ya Maw-Kuen Wu na Paul Chu nchini Marekani yaliripoti oksidi ya itriamu, bariamu na shaba inayofikia upitishaji mkuu karibu na kelvini 93. Hatua hiyo ilikuwa na manufaa makubwa kwa sababu naitrojeni huchemka kwenye kelvini 77. Kuanzia hapo, dutu hizi zingeweza kupozwa kwa naitrojeni iliyogeuzwa kuwa kimiminika, iliyo rahisi kupatikana na ya bei nafuu kuliko heliamu. Kufikia mwaka 1993, oksidi ya shaba yenye zebaki ilikuwa imefika takriban kelvini 135.

Viwango hivi vya "joto la juu" bado ni baridi kali kwa mizani ya binadamu. Kelvini 135 ni karibu nyuzi 138 za Selsiasi chini ya sifuri. Hata hivyo, nadharia ya mwaka 1957, ikitegemea mitikisiko ya atomu peke yake, hushindwa kueleza vyema jinsi jozi zinavyodumu hadi kiwango hicho. Wanafizikia hawajaafikiana kuhusu kinachoziunganisha jozi katika oksidi za shaba.

Ugumu wa tatizo unatokana na tabia ya elektroni za dutu hizi. Oksidi ya shaba ikiwa katika hali yake ya asili haipitishi umeme kabisa. Elektroni husukumana kwa nguvu kiasi kwamba kila moja hubaki imekwama kwenye atomu yake ya shaba, kama magari yaliyojaa barabarani bila nafasi ya kusogea. Mtafiti anapobadilisha kidogo viambato vya fuwele, baadhi ya elektroni huondoka na kuacha nafasi wazi. Nafasi hizo zikiongezeka, mwendo huanza. Upitishaji mkuu hujitokeza, hupanda hadi kilele, kisha hushuka.

Hata hivyo, kilima hicho kina dosari moja mashuhuri. Katika oksidi ya lanthanamu, bariamu na shaba, nafasi wazi zinapofikia moja kwa kila atomu nane za shaba, upitishaji mkuu huporomoka karibu kabisa. Mwaka 1995 John Tranquada na wenzake, wakitumia nyutroni kuchunguza dutu ya ukoo huohuo, walionyesha kwamba kwenye kiwango hicho chaji haikutawanyika sawasawa. Ilikuwa imejipanga kwa milia, safu zenye chaji nyingi zikipishana na safu zenye chaji kidogo, kama ngozi ya punda milia. Mwaka 2012 makundi mawili ya watafiti yalitumia miale ya eksirei kuonyesha kuwa oksidi ya itriamu, bariamu na shaba nayo ina mpangilio unaofanana na huo. Mpangilio huo huitwa wimbi la msongamano wa chaji, yaani chaji husongamana na kupungua kwa zamu, tena na tena, ndani ya fuwele.

Hivyo basi, zizi moja lina fahali wawili. Wa kwanza ni upitishaji mkuu, ambao huzitaka elektroni zitembee pamoja. Wa pili ni wimbi la chaji, ambalo huzitaka zijipange kwa safu.

Upungufu wa picha iliyotulia

Vipimo vya mwaka 2012 vilitoa dokezo muhimu. Fuwele ilipopozwa, wimbi la chaji liliendelea kupata nguvu hadi upitishaji mkuu ulipoanza, kisha likaanza kudhoofika. Aidha, uga wa sumaku, ambao huudhoofisha upitishaji mkuu, uliliimarisha wimbi hilo. Mmoja akipanda, mwingine hushuka. Hapa ndipo watafiti walipopata sababu ya kuzungumzia mipangilio shindani.

Lakini neno "shindani" linaweza kuficha mambo matatu yaliyo tofauti, na methali zetu zinatusaidia kuyatenganisha. La kwanza ni la methali isemayo kuwa fahali wawili hawakai zizi moja: mipangilio hii haiwezi kukutana, hivyo kila sehemu ya fuwele ina bwana wake mmoja. La pili ni la paka akiondoka, panya hutawala: mipangilio yote miwili ipo mahali pamoja, ila mmoja humkandamiza mwenzake. La tatu ni la ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime: ugomvi upo, ila walio ndani yake wametoka tumbo moja, na mtu wa nje asiufanye kuwa uadui wa kudumu.

Picha iliyotulia haiwezi kuchagua baina ya maelezo haya. Mtafiti anapoipoza fuwele polepole, kila kitu hubadilika kwa pamoja: elektroni, atomu, jozi na mawimbi. Kila kimoja hupata muda wa kutosha kujirekebisha kulingana na vingine. Matokeo ya mwisho huonekana, lakini nani aliyetangulia na nani aliyefuata haijulikani. Tunachohitaji ni mfuatano wa matukio.

Mipigo ya nuru kama saa

Matukio haya hutokea ndani ya muda ambao hakuna saa ya kawaida inayoweza kuupima. Kipimo chake ni femtosekunde, yaani sehemu moja ya milioni bilioni ya sekunde. Uwiano wa femtosekunde moja kwa sekunde ni kama wa sekunde moja kwa miaka karibu milioni 32. Pikosekunde ni femtosekunde 1,000.

Mwafrika mmoja ana nafasi ya pekee katika historia ya vipimo hivi. Ahmed Zewail, mzaliwa wa Damanhur nchini Misri, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1999 kwa kutumia mipigo ya leza ya femtosekunde kufuatilia atomu wakati wa mmenyuko wa kemikali. Njia ya kuipa mipigo mifupi nguvu kubwa bila kuharibu vifaa ilikuwa imebuniwa na Donna Strickland na Gérard Mourou mwaka 1985, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2018.

Mbinu yenyewe ni rahisi kuieleza. Mtafiti hutuma mipigo miwili ya nuru. Mpigo wa kwanza, tutakaouita mpigo chochezi, huigusa fuwele na kuivuruga. Mpigo wa pili, mpigo chunguzi, hufika baadaye kidogo na kurekodi hali ya fuwele. Muda kati ya mipigo hiyo hupimwa kwa umbali. Nuru husafiri takriban milimita 0.3 kwa pikosekunde moja. Kwa hivyo kioo kikirudishwa nyuma milimita 0.15, mpigo unaokwenda kwenye kioo hicho na kurudi huchelewa kwa pikosekunde moja. Jaribio hurudiwa kwa kusogeza kioo hatua kwa hatua, na rekodi hizo zikipangwa hutoa mfuatano wa matukio kama picha za filamu.

Kuona wimbi la chaji lenyewe huhitaji eksirei, na eksirei hiyo nayo lazima ije kwa mipigo mifupi. Mitambo ya kuizalisha ni leza za elektroni huru. Mmojawapo ulianza kazi mwaka 2009 katika maabara ya SLAC, Stanford, jimbo la California. Huko elektroni huongezewa kasi hadi karibu na kasi ya nuru, kisha hupitishwa katikati ya safu ya sumaku zinazoziyumbisha huku na huku. Kuyumba huko ndiko kunakozalisha mipigo ya eksirei.

Jaribio la kwanza: kuigusa milia

Mwaka 2011 Daniele Fausti na wenzake, katika kundi lililoongozwa na Andrea Cavalleri mjini Hamburg, Ujerumani, walichagua oksidi ya shaba ambayo milia yake ina nguvu kiasi cha kuuzima upitishaji mkuu kwenye kelvini 10. Waliipiga kwa nuru ya infraredi yenye urefu wa wimbi wa karibu mikromita 16. Nuru hiyo haikuchaguliwa kiholela. Mitikiso yake inalingana na mtikisiko wa atomu za shaba na oksijeni katika tabaka za fuwele, hivyo iliwalenga wao badala ya kuchemsha elektroni zote. Ndani ya pikosekunde moja au mbili, nuru iliyoakisiwa na fuwele ilionyesha alama ambayo hujulikana kuwa ya upitishaji mkuu. Milia ilipotikiswa, mwenzake alijitokeza.

Swali moja lilibaki: je, aliyeuzuia upitishaji mkuu ni milia yenyewe, au ni mkunjo wa fuwele unaoandamana nayo? Jaribio la eksirei lililochapishwa mwaka 2014, kwa dutu ya ukoo huo, lilionyesha kuwa mpigo wa infraredi uliiyeyusha milia ya chaji mara moja ilhali mkunjo wa fuwele ulibaki. Katika picha iliyotulia, milia na mkunjo huonekana kama kitu kimoja. Mpigo mfupi uliwatenganisha, na lawama ikaelekea kwa milia.

Uangalifu unahitajika hapa. Katika muda wa pikosekunde, mtu hawezi kuunganisha waya na kupima ukinzani. Upitishaji mkuu ulikisiwa kutokana na nuru iliyoakisiwa, na wapo wanasayansi wanaohoji iwapo alama hiyo haina tafsiri nyingine. Mhakiki wa fasihi anaijua hali hii: matini ni ile ile, hoja ni usomaji wake.

Jaribio la pili: kumgusa mwenzake

Jaribio la kinyume lilichapishwa mwaka 2022 na Wandel, Giacomo Coslovich na wenzao, kwa kutumia leza ya eksirei ya Stanford. Safari hii dutu ilikuwa oksidi ya itriamu, bariamu na shaba, ikiwa tayari katika hali ya upitishaji mkuu. Mpigo chochezi uliuzima upitishaji huo ghafla, kisha mipigo ya eksirei ikalitazama wimbi la chaji. Iwapo mpigo ungekuwa umeleta joto tu, tungetarajia wimbi nalo lidhoofike. Kilichoonekana ni kinyume. Wimbi lilipata nguvu, na mshikamano wake uliongezeka. Safu zake zilikubaliana kwa umbali mkubwa kuliko awali. Paka alipoondoka, panya alitawala.

Neno la kuzingatia ni mshikamano. Ushindani haukuwa tu wa nani ana elektroni nyingi. Upitishaji mkuu ulikuwa umelikatakata wimbi lisiweze kujipanga kwa umbali. Panya alikuwamo nyumbani siku zote, ila hakuruhusiwa kutembea chumba hadi chumba. Hivyo maelezo ya kwanza, ya fahali wasiokaa zizi moja, yanapungukiwa na nguvu. Fahali hawa wanakaa zizi moja na wanabanana humo humo.

Maadui au ndugu?

Je, basi tufunge mjadala kwa kusema ni maadui? Bado. Mwaka 2007 uchunguzi wa oksidi ya lanthanamu, bariamu na shaba, kwenye kiwango kile kile cha nafasi moja kwa atomu nane, ulikuwa umeonyesha jambo la ajabu. Ndani ya kila tabaka la shaba na oksijeni, dalili za upitishaji mkuu zilianza karibu na kelvini 40, milia ikiwepo. Kilichokosekana ni makubaliano baina ya tabaka moja na jingine. Kumbe milia haikuwa imeua jozi. Ilizuia tu tabaka zisishirikiane. Kutokana na matokeo ya aina hii, Eduardo Fradkin, Steven Kivelson na Tranquada walipendekeza mwaka 2015 kwamba tuzungumzie mipangilio iliyosukana, kwa maana kuwa huenda yote miwili inatokana na msukumano ule ule mkali wa elektroni. Hiyo ndiyo methali ya tatu, ya ndugu wanaogombana.

Kinachobishaniwa hapa ni kikubwa. Iwapo wimbi la chaji ni adui tu, anayetafuta vipitishi vikuu bora hana budi kutafuta dutu zisizo nalo. Iwapo ni ndugu, kumwondoa kabisa kunaweza kuondoa pia kile kinachozalisha jozi, na jambo la busara ni kuwapatanisha. Mipigo ya nuru imethibitisha kuwa mipangilio hii inabanana. Haijathibitisha inatoka wapi.

Funzo kwa mwanafunzi wa Kiswahili

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilitupa msingi wa istilahi ambao tungali tunautegemea. Lakini safari hii fupi inaonyesha kwamba orodha pekee haitoshi. Jina la Kiingereza la taaluma tuliyoieleza huzungumzia kasi. Anayelitafsiri bila kuielewa dhana ataandika "nuru ya kasi sana", na msomaji atadhani kuna nuru inayoishinda nuru nyingine mbio. Ilhali katika ombwe nuru yote ina kasi moja. Kilicho kifupi ni mpigo. Vivyo hivyo, "kipitishi kamili" huficha ugunduzi wa mwaka 1933, nalo neno "shindani" huonyesha kuwa tumeshajibu swali ambalo bado liko wazi. Nimelitumia katika kichwa cha makala haya kwa sababu ndilo linaloelekeana na matumizi ya watafiti wengi, ila msomaji sasa anajua mipaka yake.

Hitimisho

Tumeona kwamba oksidi za shaba hubeba mipangilio miwili ya elektroni, kwamba vipimo vya hali tulivu vilidokeza ushindani bila kuueleza, na kwamba mipigo mifupi ya nuru imewawezesha watafiti kumgusa mmoja na kumsikiliza mwingine. Milia ilipotikiswa, dalili za upitishaji mkuu zilijitokeza. Upitishaji mkuu ulipozimwa, wimbi la chaji lilijikusanya. Chanzo cha jozi bado kinatafutwa.

Yote hayo yamesemwa kwa Kiswahili, na mengi yake kwa maneno tuliyokuwa nayo: milia, mpigo, mshikamano, ukinzani, msongamano. Pale lugha ilipotukwamisha, tatizo mara nyingi lilikuwa dhana ambayo bado haijafafanuliwa vya kutosha. Ni wajibu wetu, basi, kuisoma dhana kwanza, kuieleza kwa ukamilifu, na kisha kuipa jina. Mwenzetu wa idara ya fizikia anaweza kutusaidia katika hatua ya kwanza. Nasi tuna cha kumpa katika ile ya tatu.